Simu Niliyoipokea Mimi

Jumatatu, 3 Februari

Mara ya mwisho niliandika humu tarehe 24 Septemba, mwaka juzi. Ukurasa ule unasema kwamba binti yangu Lubna amejifungua mtoto wa kiume, Harun, na kwamba nafunga mizigo kwenda kwake Lakeville kumlea arobaini. Baada ya hapo kurasa ni nyeupe. Kwa miaka thelathini na minne niliwaambia wanafunzi wangu wa Mombasa kwamba mwenye shajara huandika hata siku asizozipenda, nami nimekaa kimya miezi kumi na sita. Naomba radhi. Sikuwa mgonjwa, wala sikukosa nafasi. Nilijua nitakachokiandika nikiishika kalamu, kwa hiyo sikuishika.

Kilichonirudisha ni mkutano wa jana katika ukumbi wa chini wa jengo letu hapa Cedar-Riverside, Marekani. Aliyeuitisha ni Chepkemoi, muuguzi Mkenya anayekaa Maple Grove, mwenye kikundi cha akina mama. Alieleza mswada ambao wanawake weusi wa hapa, Wamarekani na sisi wageni pamoja, wanataka Bunge la jimbo liupitishe msimu huu. Kila mzazi atoke hospitali na kipimo cha presha. Atembelewe nyumbani mara mbili katika wiki mbili za mwanzo na mtu anayejua lugha yake. Na hospitali ikipiga simu kumjulia hali, simu hiyo isihesabiwe mpaka muuguzi awe amezungumza na mzazi mwenyewe. Alisema wanawake weusi wanakufa kwa uzazi zaidi kuliko weupe, hata wenye elimu, hata wenye bima, na kwamba wengi hufa wakiwa wamekwisha kurudi nyumbani, watu wakidhani hatari imepita. Alichanganya Kiswahili na Kiingereza katika kila sentensi. Nilivumilia.

Kisha Lubna alisimama. Ana mimba nyingine, ya miezi mitano. Mkono wa kushoto aliutia katika mfuko wa koti kama afanyavyo tangu alipougua, akasimulia jinsi alivyorudishwa nyumbani na vidonge vya maumivu.

"Baada ya hapo hakuna aliyenipigia simu," alisema. "Hata mara moja."

Watu walipiga makofi. Chepkemoi akatangaza kwamba Lubna atakuwa shahidi wa kwanza mbele ya kamati ya Bunge, mwanzoni mwa Aprili.

Hospitali ilipiga. Ilikuwa siku ya saba, saa nne na nusu asubuhi. Simu ile niliipokea mimi, na mpaka leo sijamwambia mtu.

Alhamisi, 6 Februari

Nitaandika kwa mpango, maana nisipoandika kwa mpango nitaruka.

Lubna alijifungua Ijumaa, akaruhusiwa Jumapili. Jumatano kichwa kilimuuma vibaya, na miguu ilimvimba. Mumewe Alamin alimrudisha hospitali. Walingoja kwa saa nne, wakaambiwa ni uchovu na kukosa usingizi, akapewa vidonge. Ijumaa asubuhi kichwa kilikuwa bado. Alikuwa amelala. Kwetu mzazi hasumbuliwi, na simu yake nilikuwa nayo mimi, nimeifutika kiunoni ndani ya leso. Ikalia. Sauti ya mwanamke, changamfu, ikajitambulisha kwamba ni muuguzi wa hospitali, ikauliza mama anaendeleaje.

Nilimjibu, "Hajambo, tunamshukuru Mungu."

Ndivyo tunavyojibu. Mtu akikuuliza hali, unaanza na uzima hata kama nyumba ina maiti. Naye atauliza tena, za watoto, za nyumbani, za tangu juzi, na katika swali la pili au la tatu ndipo unapotoa habari: hajambo, ila kichwa. Ile "ila" nilikuwa nayo mdomoni. Muuguzi akasema vizuri sana, hongera ya mjukuu, akakata. Haikufika dakika moja.

Ningeweza kupiga mimi. Sikupiga. Na sina budi kuandika na hili: nilipoona amekata, nilipata nafuu kidogo, kwa sababu siku za mwanzo sisi hatupendi mzazi na mtoto watajwetajwe kwa watu.

Saa saba u nusu, Alamin akiwa msikitini, Lubna alianza kutetemeka kitandani, macho yamegeuka. Ni kifafa cha mimba, ambacho sikujua kwamba humshika mtu hata baada ya kujifungua. Alikaa siku tatu katika chumba cha wagonjwa mahututi. Alipozinduka, mkono wa kushoto haukurudi kama ulivyokuwa. Nje ya chumba kile Alamin alisema, "Hata simu hawakupiga." Nilikuwa nimekaa kiti cha pili kutoka kwake. Nilidhani ningemwambia kesho yake.

Jumapili, 9 Februari

112 kwa 70. Chepkemoi amempa Lubna kipimo cha presha, na kila asubuhi ananisomea namba kwa simu. Nimemwuliza Chepkemoi, akasema ikifika 140 juu au 90 chini, asingoje.

Ijumaa, 14 Februari

114 kwa 72. Theluji.

Jumatano, 19 Februari

115 kwa 72. Chepkemoi alikuja kwangu, Lubna akiwapo, kumtayarisha. Alisema hospitali zitatuma wawakilishi, na watakachosema ni kwamba mswada hauhitajiki kwa kuwa tayari wanawapigia wazazi simu.

"Hao watu watakuja na karatasi," alisema. "Sisi pia tukuje na karatasi." Kwa hiyo kila shahidi aombe faili lake la hospitali, asije akasema jambo akakamatwa nalo. Faili hutoka katika siku thelathini. Lubna alitia sahihi fomu papo hapo juu ya meza yangu, mimi nimemshikia karatasi isiteleze.

Chepkemoi alinitazama. "Mwalimu, tangu niingie hujanisahihisha hata mara moja. Unaumwa?"

Nikasema sijambo. Lubna akacheka, akamwambia niko likizo.

Siku thelathini. Faili litasema walipiga. Inanipasa kumwambia kabla halijafika.

Jumamosi, 1 Machi

118 kwa 74. Leo ni Ramadhani ya kwanza. Nimenuia kumwambia katika kumi la mwanzo.

Jumatano, 5 Machi

117 kwa 76. Mkutano wa kikundi. Nilikaa karibu na Byamungu, Mkongo wa Butembo, fundi wa mabomba. Tangu mwanzo nilimwepuka, kwa sababu Kiswahili chake na Kifaransa hukimbizana na sikio langu halina subira. Leo alisimulia habari za mkewe, Kasika. Alijifungua salama, akarudi nyumbani, akaanza kutoka damu siku ya nne. Hospitalini walimwita mkalimani wa Kifaransa, na Kasika hakujua Kifaransa; alijua Kiswahili na Kinande. Alikufa siku ya tano. Byamungu hakulia. Alisema sasa anawasuka nywele watoto wawili kila Jumapili, na yule mkubwa humwambia kwamba anasuka kama anafunga bomba. Watu walicheka, naye akacheka nao.

Nimeona haya kwa niliyokuwa nikiyafikiria juu ya mtu huyu kwa ajili ya vitenzi vyake.

Jumatatu, 10 Machi

Kumi la mwanzo linakwisha. Sijasema. 120 kwa 78.

Jumatano, 12 Machi

121 kwa 78. Nilikwenda Lakeville kwa nia hiyo moja. Nilipofika, Lubna alikuwa amechoka, nikasema apumzike kwanza. Alipoamka, Harun alikuwa na njaa. Harun alipokwisha kula, Alamin alirudi kutoka dukani kwake na ndimu na tende. Tulifuturu, tukaswali, nikaletwa nyumbani. Kila sababu ilikuwa ya kweli, na zote kwa pamoja ni uongo.

Jumanne, 18 Machi

126 kwa 80. Daktari anasema bado ni salama, aendelee na aspirini ndogo anayokunywa kila siku. Mimi namba hizi naziona zikipanda ngazi.

Ijumaa, 21 Machi

Nimechelewa.

Faili lilifika leo kwa posta. Lubna alinipigia saa tano asubuhi, naye hakuwa na huzuni. Alikuwa na hasira, karibu ya furaha. Alinisomea mstari mmoja kwa Kiingereza. Maana yake ni hii: siku ya saba, simu imepigwa, mzazi anaendelea vizuri, hakuna tatizo.

"Mama, wamefoji," alisema. "Wameandika eti walinipigia. Nitaisoma mbele ya kamati, niwaambie hii karatasi ni uongo. Na wewe utakuwa shahidi wangu. Simu yangu ulikuwa nayo wiki nzima."

Nilimwambia nitakuja kesho tuzungumze. Akasema hakuna la kuzungumza, lakini nije, atapika mbaazi.

Nilikaa na simu mkononi mpaka adhuhuri. Mpaka jana nilikuwa nimeficha kosa langu. Kuanzia leo, nikinyamaza, mwanangu atasimama mbele ya Bunge awaite watu waongo kwa jambo walilolifanya, na nitakuwa nimemtuma mimi.

Jumamosi, 22 Machi

Alamin alinifuata alasiri. Njiani alinieleza habari za duka, nami sikumsikia.

Lubna alikuwa sebuleni akikunja nguo za Harun, anazikandamiza kwa kiwiko cha kushoto na kuzikunja kwa mkono wa kulia. Faili lilikuwa juu ya meza. Sikukaa. Niliona nikikaa nitayameza maneno.

Nilisema, "Simu ilipigwa. Niliipokea mimi."

Aliendelea kukunja lile shati alilokuwa nalo mpaka akalimaliza. Halafu akauliza kwa sauti ya kawaida, "Ulimwambia kuhusu kichwa?"

"Hapana."

"Ulimwambia nini?"

Nikamwambia. Nikaanza kumweleza jinsi swali lilivyokuwa moja, jinsi nilivyongoja la pili. Akainua mkono wake mzima kunizuia.

"Mama, mimi nimezaliwa Mombasa. Najua tunavyojibu. Hata mimi ningejibu hivyo." Akaushusha mkono. "Nakuuliza kwa nini hukunambia. Nimesimama mbele ya watu mara sita nikisema hawakupiga, na wewe umekaa mstari wa mbele. Mara sita, Mama."

Nilikuwa nimejitayarisha kwa swali la simu. Si kwa hili. Nikasema niliogopa. Akasema, "Ulimwogopa nani? Mimi nilikuwa siwezi hata kushika kijiko."

Alamin alikuwa mlangoni, amesikia yote. Ni kijana mpole. Katika miaka sita sijamsikia akipaza sauti, na leo pia hakuipaza. Alitoka nje, nikamwona dirishani akifuta kioo cha gari kilichokuwa kikavu, akifuta na kufuta. Aliporudi alisema, bila ya kunitazama, "Twende, Mama, nikurudishe kabla ya adhana."

Sijapata kutolewa katika nyumba ya mtu saa ya kufuturu, wala sikumlaumu. Lubna aliingia jikoni. Alitoka na bakuli la mbaazi na mahamri, kifuniko amekikaza kwa kidevu, akanikabidhi. Nikasema ahsante kama mgeni.

Magharibi ilitukuta barabarani. Alamin alinipa tende moja na chupa ya maji. Tukafungua saumu kwenye taa nyekundu.

Jumapili, 23 Machi

Hakupiga. Sina namba.

Jumatatu, 24 Machi

Hakupiga.

Jumatano, 26 Machi

Chepkemoi alikuja baada ya zamu yake, bado amevaa nguo za kazi. Lubna amemweleza. Nilimpa kiti, hakukaa. Aliniambia kwamba wiki moja kabla ya ushahidi si wakati wa kuletewa mambo kama haya, kwamba amewahi kumwona mzazi akifa kwa kifafa kile kile, na kwamba yeye kazini angeandikiwa barua ya onyo kwa kuficha jambo dogo kuliko hili. Nilisimama nikamsikiliza. Alikuwa na haki, na kwa mara ya kwanza sikusikia Kiingereza chake, nilisikia alichosema.

Alipokwisha, alikaa. Aliniuliza simu ilichukua muda gani, muuguzi aliuliza maswali mangapi, aliomba kusema na Lubna au hakuomba. Nikamjibu.

"Mwalimu, unajua hii ni nini? Hii ndiyo ile sehemu ya tatu ya mswada. Wao wanasema simu inatosha. Wewe ndiye unajua kwamba haitoshi."

Nikamwambia watasema ni mila zetu, si hospitali. Akasema ndiyo, watasema, hilo analiogopa hata yeye, na kwamba tunaweza kuiacha habari ya simu isitajwe kabisa. Lubna aseme ya vidonge tu, na hakuna atakayejua. Nikamwuliza Lubna amesema nini.

"Amesema hiyo ya simu si yake kuisema. Ni yako. Useme au unyamaze, yeye hatakuchagulia."

Nimeuliza pia namba. Chepkemoi alisita. Akasema Lubna humtumia yeye siku hizi, na hakumpa ruhusa ya kumwambia mtu.

Jumamosi, 29 Machi

Nimesema mbele ya kikundi. Mama mmoja aliinuka akatoka. Wengine walitazama mikono yao. Lubna hakuwapo.

Byamungu alikuwa wa kwanza kuzungumza. "Mimi hawakunipigia," alisema. "Na kama wangenipigia, Mama Mwalimu, ningesema ça va, hajambo, tunashukuru Mungu. Kasika akiwa palepale na damu."

Sijui kama ni kweli angesema hivyo au alinihurumia. Nilirudi juu kwa lifti nikiwa siwezi kubonyeza namba ya ghorofa yangu, jirani alinibonyezea.

Jumapili, 30 Machi

Idi. Alamin amemleta Harun kwa saa moja tu, akamrudisha. Lubna ametuma salamu.

Jumatano, 2 Aprili

Nitaandika yote leo, kabla sijaanza kuyapamba.

Nilipanda treni peke yangu mpaka Saint Paul. Mvua ya theluji ilikuwa inayeyuka hapo hapo inapoanguka. Kwenye ngazi za jengo la Bunge niliteleza, mwanamke Mmarekani mweusi mwenye shati la kikundi chake akanishika mkono na hakuniacha mpaka ndani. Alikuwa amefika na mama yake na picha ya dada yake. Hakuniuliza mimi ni wa upande gani.

Chumba cha kamati ni kidogo kuliko nilivyofikiri. Kila shahidi hupewa dakika mbili. Lubna alikuwa mstari wa mbele, Alamin kando yake, nilikaa nyuma. Mwakilishi wa hospitali alisema kwanza. Ni mtu wa adabu, hakusema neno baya. Alieleza kwamba zaidi ya wazazi tisa katika kila kumi hupigiwa simu katika siku kumi za mwanzo, na kwamba wengi wao huripoti kuwa wako vizuri. Alisema kuongeza ziara za nyumbani ni kurudia kazi ambayo tayari inafanyika.

Lubna alisema ya kichwa, ya saa nne za kungoja, ya vidonge, ya kuzinduka na mkono usiosikia. Alisema ana mimba tena na anaogopa. Ile sentensi ya simu, aliyoisema mara sita, hakuisema. Aliruka mahali pake kama mtu anayeruka dimbwi, nami nililiona.

Kisha jina langu. Nilizungumza kwa Kiingereza. Niliwaambia mimi ni mama yake, kwamba simu ya siku ya saba ilipigwa kweli, kwamba niliyeipokea ni mimi, na kwamba katika hesabu ile ya tisa kwa kumi iliyosomwa, binti yangu yumo, amehesabiwa kuwa mzima, saa tatu kabla ya kupatwa na kifafa. Niliwaeleza tunavyojibu tukiulizwa hali. Sikujitetea. Dakika zilikwisha nikiwa bado na sentensi moja, nikaiacha.

Mbunge mmoja mwenye miwani aliomba kuniuliza. Alikuwa mpole, na hilo lilinitia hofu zaidi.

"Bibi, nakushukuru kwa ukweli wako. Lakini basi hospitali ilifanya kazi yake. Aliyesema binti yako ni mzima ni wewe."

Ndilo swali nililoliogopa tangu Februari. Nilitaka kumtazama Lubna na sikumtazama, nisije nikaonekana naomba msaada.

"Ndiyo, ni mimi," nilisema. "Kosa hilo ni langu na nitakuwa nalo. Lakini nimekuwa mwalimu miaka thelathini na minne. Sikumpa mwanafunzi alama hata siku moja kwa jibu la mama yake. Mgonjwa alikuwa chumba cha pili, na muuguzi hakuomba kusema naye. Mswada wenu unataka aombe. Hauniamini mimi, na ni haki usiniamini."

Mbunge aliandika kitu. Hakuuliza tena.

Hawakupiga kura. Mwenyekiti alisema mswada utawekwa kando, na kama una bahati utaingizwa katika mswada mkubwa wa afya, ambao utaamuliwa katikati ya Mei. Nilidhani siku kama ile ingekwisha na ndiyo au la.

Nje, katika ukumbi wa marumaru, nilimkuta Lubna ameketi kwenye benchi, uso umemwiva, Chepkemoi amepiga magoti anampima. Nilisimama mbali kidogo. Chepkemoi alipima mara ya pili, na safari hii niliiona namba juu ya bega lake: 142 kwa 92. Alifunga mkoba, akamwambia Alamin alete gari, waende hospitali sasa hivi.

Nilipiga hatua kuwafuata. Lubna akageuka. "Mama, wewe nenda nyumbani," alisema, si kwa ukali. "Nikikuona nitafikiria wewe badala ya mtoto."

Nilirudi kwa treni. Sasa ni magharibi. Simu iko mezani mbele yangu.

Alhamisi, 3 Aprili

Saa mbili asubuhi, Alamin: "Wamemlaza. Damu na mkojo ni sawa. Mtoto ni sawa." Maneno yote ni hayo. Nimeyasoma mara nyingi.

Ijumaa, 4 Aprili

Ameruhusiwa, na dawa za presha. Ujumbe ni wa Chepkemoi, ambaye sasa ana ruhusa ya kuniambia mambo mawili: yuko nyumbani, na anapumzika. Nilimshukuru. Nimeona kwamba amemlinda mwanangu hata kutoka kwangu, na ndivyo inavyopaswa.

Jumatano, 16 Aprili

Hakuna neno kutoka Bunge. Harun ana mafua.

Jumapili, 27 Aprili

Lubna alipiga. Tulizungumza dakika tisa, za Harun, za hali ya hewa, za wifi yake wa Columbus. Nilimwuliza kichwa. Akasema hakimuumi. Nilimwuliza miguu, macho, tumbo la juu chini ya mbavu. Akajibu kila kimoja, halafu akasema, "Mama, umemaliza?" Nadhani alikuwa karibu kucheka. Sina hakika.

Jumanne, 6 Mei

Chepkemoi anasema sehemu mbili za mswada zimeingizwa katika mswada mkubwa, kipimo na simu. Ya ziara bado wanaivutania. Wiki ijayo tutajua, au hatutajua. Byamungu ameomba ruhusa kazini akakae Bungeni siku zote, hata kama hakuna anayemwita. Nimemwambia tutakaa pamoja. Akasema nibebe chai, ya mule ndani ni maji.

Jumapili, 11 Mei

Lubna alikuja mwenyewe leo, Alamin amemngoja garini na Harun. Alipanda ghorofa kumi na tisa kwa lifti, akaingia akihema. Nilimpa maji. Zimebaki wiki tano.

Alisema amekuja kuzungumza habari za arobaini. Simu itakuwa naye. Kipimo asubuhi na jioni. Chepkemoi atakuja siku ya tatu na ya kumi, Bunge lipitishe au lisipitishe. Nikasema vizuri. Jambo moja, alisema, bado: nani atakayelala naye nyumbani siku hizo. Ni mimi, au ni Khadijah, dada wa Alamin, aje kutoka Columbus.

Nikangoja.

"Nakutaka wewe," alisema. "Uji wako, kukanda kwako, yote. Lakini mzazi anatakiwa alale, Mama, na sijui kama nitalala nikijua kwamba aliye macho ni wewe."

Nilitaka kumwambia kwamba sitafumba jicho siku arobaini, kwamba nimejifunza dalili zote kwa moyo, kwamba ningemwamsha hata kwa chafya. Niliyashika yote. Nilimwambia achague, na kwamba akimchagua Khadijah nitampa Khadijah leso zangu za kumfunga tumbo na nitamwonyesha jinsi ya kuzifunga. Lubna aliitikia kwa kichwa. Alikaa kidogo akiutazama mto nje ya dirisha, akaniuliza kama nimekula, nikasema sijala, akasema nile. Kisha akashuka.

Amesema atazungumza na Alamin, na atanijibu kabla ya wiki hii kwisha, wiki ile ile ya Bunge. Mpaka hapo sina cha kuandika isipokuwa wasiwasi, na nimeuandika wa kutosha. Bunge likiamua nitaandika. Lubna akiamua nitaandika pia, likiwa la kunipendeza au la kuniumiza, kwa maneno yake na si kwa yangu.